Mnyapara Aliyefunua Vyungu

Kila asubuhi alifika uani kwangu kabla ya umande kukauka, akasimama karibu na mafiga, akamwambia mpishi, "Nionyeshe chungu." Shikamoo na habari za kulala zilikuja baadaye, kama zilikuja. Mpishi akifunua, yeye aliinama, akanusa, akachomeka kijiti kati ya ndizi ili aone maharage yamefika chini au yametupwa juu tu kama pambo. Akiridhika alipiga mluzi, vibarua wakashika majembe. Asiporidhika alikaa chini. Hakugomba wala hakutukana. Alikaa, na kundi zima likakaa pamoja naye, na mimi mwenye shamba nikasimama mlangoni nikitazama jua linavyopanda.

Ndiye mnyapara wangu, msimamizi wa vibarua wa kahawa, na niliyemwajiri ni mimi. Hilo naliweka mbele kwa sababu siku hizi watu wa Nyaishozi wakisimulia habari zake, husimulia kana kwamba mimi nilikuwa mgeni shambani mwangu mwenyewe. Mimi shule niliiacha darasa la pili. Nilianza kwa kubeba kahawa ya watu kichwani, nikashuka nayo kwa wanunuzi, nikarudi na chumvi ya kuuza. Nyumba ya kwanza ya bati kwenye barabara yetu ni yangu, na atakayebisha aje ahesabu misumari. Sikurithi hata mgomba mmoja. Kwa hiyo nikisema mtu fulani alikuwa mtu, nisikilizwe, maana mimi watu nimewapima kwa kazi.

Kazi ya mnyapara miaka ile ilikuwa kuwapata watu. Walikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto Kagera, kutoka Ruanda na Urundi, wakipita kwetu kwenda Uganda kwenye malipo makubwa zaidi. Sisi wenye kahawa tuliwakamatia njiani. Wanyapara wengine walishika mikono ya mtu wakaiminya, wakamwangalia mgongo kama wananunua fahali. Wangu hakugusa mtu. Alichukua kiazi cha moto majivuni, akampa mgeni, akamtazama anavyokila. Kwa aliyemeza na maganda, mnyapara alisema, "Huyu ana njaa ya zamani. Apumzike kwanza, asishike jembe." Kwa aliyemenya taratibu huku akipuliza vidole, alisema, "Huyu ametoka kwao juzi. Anaweza kuanza leo." Wale wa kupumzika walipumzika kwa chakula changu! Nilipiga kelele sana mwanzoni. Baadaye nikaona kwamba shamba la jirani vibarua waliugua na kutoroka, na langu halikupoteza mtu. Nikanyamaza, nikaanza kuwaambia watu kuwa utaratibu ule ni wangu.

Asidhani mtu kuwa alikuwa mpole. Siku moja alimchapa kijana mpini wa jembe kwa kuacha kahawa mbivu mtini, akamwambia, "Mikono yako hiyo ni ya kupigia makofi harusini tu." Alikataza nyimbo kazini. "Anayeimba anamwibia tajiri pumzi," alisema, na mimi nililipenda sana neno lile. Lakini tajiri naye hakuachwa salama. Aliniita tajiri mbele ya watu, na tulipobaki wawili aliniita "mwanangu," ingawa nilikuwa na ndevu na yeye nilimpa mshahara. Sikuwahi kumwamkia shikamoo. Alikuwa mtu wangu, na niliona si vizuri kumwamkia mtu wako.

Rubisi, pombe yetu ya ndizi, hakunywa, hata tone la kumeza. Pamoja na hayo yeye ndiye aliyeitwa Nyaishozi nzima mtu akitengeneza pombe ya harusi. Alionja, akatema, akasema "kesho" au "kesho kutwa," na harusi ikasogezwa. Padri hakuweza kusogeza harusi, mnyapara wangu aliweza. Na kanisani alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Nisikie kama nje kuna mtu anaitwa."

Alikuwa na viatu. Hili ni jambo kubwa, maana vibarua hawakuwa na viatu na mimi mwenyewe nilivipata baada ya kuezeka bati. Vyake vilitembea begani, vimefungwa pamoja kwa kamba ya mgomba. Njiani alikwenda peku. Akifika kanisani, au kwenye maziko, au barazani, aliketi juu ya jiwe, akapangusa nyayo kwa jani, akavivaa, akafunga kamba kwa kuvuta sana. Basi watu walijua. Mnyapara akivaa viatu, kuna neno linakuja ambalo halitarudishwa.

Alikaa mwisho wa shamba langu, kwenye mteremko, katika kipande nilichompa alime. Kilikuwa pori la manyasi. Alikigeuza kibanja, na migomba yake ilipita yangu kwa unene wa mikungu. Hilo nalikubali, ardhi ile ilikuwa na mbolea ya ng'ombe wangu. Mkewe alifia pale na alizikwa pale, chini ya migomba ya nyuma ya nyumba. Kwetu kibanja chenye kaburi si shamba tena, ni kitu kingine. Lakini ardhi ilibaki yangu, na kila mtu alijua ni yangu.

Sasa nifike kwenye ule ugomvi wa mshahara.

Bei ya kahawa ilipanda baada ya vita, sisi wenye mashamba tukapanda nayo. Vibarua hawakupanda. Mnyapara ndiye aliyekwenda kwa Mkungu, mkuu wa eneo letu, akamwomba baraza liweke sheria yake, sheria ya hapa kwetu: kiasi ambacho hakuna mwajiri atakayeruhusiwa kulipa chini yake. Mkungu alikuwa mtu wa kupenda amani. Alimuuliza Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, akajibiwa kwamba wenyeji wakikubaliana wenyewe hakuna ubaya. Basi baraza likaitwa.

Siku ile ya kwanza palikuwa na maneno. Mfanyabiashara mmoja kutoka Muleba, mwenye duka, na shamba la kahawa jirani na langu, alisimama akasema, "Sisi tukiweka sheria peke yetu, na majirani zetu wa Ihangiro hawajaweka, mnunuzi atakwenda Ihangiro. Tutabaki na sheria nzuri na kahawa inayooza."

Mfugaji mmoja akauliza, "Na mchungaji wangu anayekunywa maziwa yangu tangu asubuhi? Tumbo lake nalo litahesabiwa?"

"Nionyeshe chungu," akasema mnyapara kutoka nyuma.

"Sina chungu, nina kibuyu!"

"Basi nionyeshe kibuyu."

Watu wakacheka, lakini hapo ndipo penye kisu. Sisi waajiri tulisema: sawa, wekeni kiasi, lakini chakula cha mchana kihesabiwe ndani yake. Mnyapara alisema mshahara ni mshahara na chungu ni chungu. Mtu hawezi kupeleka ndizi zilizopikwa nyumbani kwao Urundi, alisema, na hawezi kulima kwa fedha iliyo mfukoni. Mkungu akaona jua linakwenda, akaahirisha hadi siku ya soko lijalo.

Zile siku za kungoja sizisahau. Vibarua waliacha kazi. Hawakufanya fujo; walikaa kando ya barabara, majembe yamelala mbele yao, wakinitazama nikipita. Kahawa yangu ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka uwanja mzima, nusu imekauka, na kila alasiri mawingu yalisimama juu ya mlima. Mvua moja tu ingeiozesha. Mke wangu na watoto walikusanya na kuanika, wakakusanya na kuanika, hadi mikono ikawavimba. Nilimwita mnyapara.

"Waambie warudi."

"Nimewaambia wangoje."

"Sikiliza. Kesho kutwa barazani ukisimama kusema juu ya mshahara, kile kibanja hukijui. Umenielewa?"

Alitazama upande wa mteremko. Akavihamisha viatu vyake kutoka bega hili kwenda bega lile. "Nimekuelewa, mwanangu," akasema, akaondoka.

Hapo akili yangu ilifanya kazi. Wenye shule wangekodi wakili, mimi nilikumbuka mkago. Kwetu watu wawili wakitaka kuwa ndugu hupasua tunda moja la kahawa, lenye mbegu mbili. Kila mmoja anachanjwa tumboni, mbegu inapakwa damu, huyu anameza ya yule. Tangu hapo ni ndugu kuliko waliozaliwa pamoja. Na ndugu halipwi mshahara. Ndugu anasaidia. Kama vibarua wangu wote ni ndugu zangu, baraza litaniwekea sheria gani? Niliwaeleza wenzangu wenye mashamba, wakapiga makofi, wakaahidi kufanya vivyo hivyo na vibarua wao. Yule wa Muleba alisema, "Kichwa hicho kingepita shuleni kingekuwa cha hatari."

Niliwaita vibarua chini ya kibaraza cha ghala langu, mchana kweupe. Nikawaambia nimewapenda, nataka undugu. Walitazamana. Bizimana, mrefu wao, ambaye ndiye aliyewasemea, akauliza, "Ndugu kabisa?"

"Kabisa."

Mnyapara aliombwa awe shahidi, kwa kuwa mkago bila shahidi si mkago. Alikuja, akatazama kikapu cha kahawa, akatazama mikono yangu.

"Wembe uko wapi?"

Hilo nilikuwa nimelipanga. Sisi waajiri tuliafikiana kuacha damu, ili baadaye tukitaka tuseme haukuwa mkago. "Sisi ni Wakristo," nikamjibu. "Dini imekataza damu."

"Ni kweli, imekataza," akasema. "Kwa hiyo huu ni mkago wa Kikristo. Mbele ya Mungu badala ya damu."

"Ndiyo hivyo," nikasema, nikitaka tumalize.

Nikameza mbegu na kila mmoja wao, mpaka koo likakauka. Mwishoni nilimnyooshea mnyapara tunda. "Na wewe."

"Mimi hapana," akasema. "Mimi ni wa mshahara."

Siku ya baraza nilifika mapema, nimevaa koti. Watu walijaa hadi chini ya miti. Kisha nikamwona akija kwa njia ya kijiji, peku. Akaketi juu ya jiwe pembeni ya uwanja. Akapangusa unyayo wa kwanza, akapangusa wa pili. Akavaa viatu, akavuta kamba. Watu waliokuwa wakizungumza waliacha. Nilihisi jasho linashuka chini ya koti.

Mkungu aliponiita nilisimama vizuri. "Mkungu, mimi sheria hii hainihusu. Sina kibarua. Wale wote unaowaona ni ndugu zangu, tumekula mkago, shahidi ni mnyapara."

Wenzangu wakaguna kwa furaha. Mkungu akamgeukia. "Ni kweli?"

Mnyapara akasimama. Macho yake yalinipitia, yakaenda mbali zaidi, upande wa mteremko wake, kama anayeangalia kama mlango umefungwa. Halafu akasema, "Ni kweli, Mkungu. Niliona kwa macho yangu. Damu haikuwepo kwa sababu yeye mwenyewe alitaka iwe mbele ya Mungu. Mkago ule hauwezi kuvunjwa hata na wewe."

"Basi huyu ameshinda," akasema Mkungu.

"Ameshinda. Nina ombi moja tu. Ndugu zake wako njiani tangu soko lililopita, wamekaa juani kama watu wasio na kwao. Waruhusu waende nyumbani."

Mkungu hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa. Kwetu ndugu wa mkago haombi. Akiwa na njaa anaingia jikoni mwako. Akitaka mkungu wa ndizi anaukata. Akiugua anaugulia kitandani kwako, akifa anazikwa kwenye kibanja chako, na anayemnyima anavimba mwili, hivyo ndivyo tulivyolelewa kuamini, Wakristo na wasio Wakristo. Bizimana alikwisha kuinuka. Akaja mbele ya baraza zima, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Ndugu, tunatangulia. Tutamkuta shemeji?"

Uwanja ulilipuka. Mzee mmoja alianguka kutoka kwenye kigoda chake kwa kucheka. Yule wa Muleba hakucheka. Yeye naye alikuwa na ndugu wa kutosha.

Nilifika nyumbani nikawakuta. Hawakuvunja kitu, hawakuiba kitu. Walikuwa na adabu kuliko wakwe. Mmoja alikuwa akipasua kuni, wengine walikuwa wamekata ndizi na kuzimenya, wawili wamelala kitandani kwangu kwa sababu walikuwa wamechoka. Mke wangu alisimama katikati ya jiko, kijiko mkononi.

"Baba fulani," akaniambia, na hilo ndilo jina analoniita akikasirika, "hawa mashemeji wangu wanauliza watalala chumba kipi."

"Wanaondoka."

"Wanaondoka kwenda wapi? Wanasema wewe umewaambia ni kabisa."

"Shemeji, usijisumbue," Bizimana akasema kutoka uani, "sisi hata kwenye mkeka wa kahawa tunalala."

"Mkeka wa kahawa!" akasema mke wangu. "Haya, kawaambie wewe uliyekula tunda."

Mawingu yalikuwa yamesimama mlimani. Nilitazama kahawa yangu, nikatazama migomba yangu inavyopungua kabla ya jua kuzama, nikarudi kwa Mkungu nikitembea haraka kuliko mtu wa umri wangu. Wenzangu nikawakuta wamenitangulia, wote wakiomba ndugu zao wawe vibarua tena. Sheria ilipita jioni ile ile, na eneo letu likawa na kiasi chake cha chini, Ihangiro watake wasitake. Na mimi sikushindwa kabisa, nataka hilo lijulikane: ni mimi niliyesimama imara mpaka wakaandika kwamba mwajiri anaruhusiwa kukata bei ya chakula. Vibarua walirudi kazini asubuhi iliyofuata. Kahawa iliingia ghalani kavu, mvua ikanyesha kwenye uwanja mtupu. Mkago ulibaki. Mpaka leo Bizimana akipita kutoka Uganda anaingia jikoni kwangu bila hodi, na mke wangu anamwekea sahani.

Mnyapara alikuja siku ya tatu. Alikaa kwenye ngazi yangu, akavaa viatu.

"Tajiri, ulisema neno juu ya kibanja."

"Nilisema."

"Ulilisema kwa hasira, au ni neno lako?"

Watu walikuwa uani, wanasikia. Mtu aliyejijenga kwa mikono yake akianza kurudisha maneno, kesho hata mtoto atamrudishia bei. "Ni neno langu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa. Aliondoka na kirago na sufuria moja. Migomba yake ilikuwa imebeba, mingine imeegemezwa kwa miti, na hakukata hata mkungu mmoja. Alipita nyuma ya nyumba, akakaa kule muda, akatokea upande wa pili, akashika njia. Viatu hakuvivua. Nilimwona mpaka anapotelea, bado amevaa viatu juu ya mawe.

Wanyapara waliofuata walikuwa watu wa kawaida. Walinusa pombe, hawakunusa chungu.

Miaka ikapita, nikanunua lori. La kwangu, si la kukodi. Mwaka jana nilikwenda nalo Nyakatuntu kutafuta kahawa ya wakulima wadogo, tope likalishika gurudumu, nikawaachia vijana walisukume, nikapanda kilima kutafuta maji ya kunywa. Nikaona migomba. Mtu anayejua mwandiko wa mtu anaujua popote. Mimi niliijua migomba ile kabla ya kumwona mwenyewe. Alikuwa amekaa kando ya mafiga, amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Viatu vilining'inia kwenye boriti ya nyumba. Mwanamume mmoja, kibarua, alikuwa akilima palizi kwenye maharage.

Nikasema, "Shikamoo." Ilitoka yenyewe.

"Marahaba." Akageuza uso kwa lile jicho zima. "Lori lako limekwama. Nimelisikia."

Nilikaa. Mimi ambaye nimesema mbele ya mabaraza na wanunuzi, nilitazama moto, nikaona chungu, na nikashikwa na tamaa ya kumlipa kwa sarafu yake.

"Mnyapara," nikasema, "nionyeshe chungu."

Yule kibarua aliacha jembe. Mzee hakusogea. Alikaa vile vile kama alivyokaa uani kwangu siku alizokataa kupiga mluzi, na nikafikiri nimempata: hana kitu mle ndani, yeye aliyewafunulia watu vyungu vyao. Kisha akachukua jani, akashika kifuniko, akafunua. Akachukua kijiti, akanipa mimi. Nikachomeka. Maharage yalifika chini kabisa.

"Unamlipa huyu?" nikamuuliza.

"Kile cha baraza."

"Na chakula unakata. Sheria inaruhusu."

"Chungu ni chungu," akasema, kama siku ile ya kwanza barazani.

Alimpakulia kibarua kwanza. Mimi nikamwambia, ingawa hakuniuliza, kwamba kile kibanja sikumpa mtu. Kwamba nyuma ya nyumba, juu ya kaburi, nyasi mpya hutandikwa kila mwaka kabla ya Krismasi, na ninasimamia mwenyewe. Mkono wake ulisimama juu ya chungu. Akaendelea kupakua.

Kisha akafukua majivu, akatoa kiazi cha moto, akakiweka kiganjani mwangu. Akanigeuzia lile jicho.

Nilijua ananifanya nini. Nilikimenya taratibu, nikapuliza vidole, nikaonyesha kwamba mimi sina njaa, mimi ni mtu mwenye lori na bati.

"Huyu ametoka kwao juzi," akamwambia kibarua wake. "Anaweza kuanza leo."

Msimu huu kwangu chakula hakikatwi. Yule wa Muleba anasema nimelegea, anasema nimezeeka, na wengine wanasema nimerogwa Nyakatuntu. Waseme. Kutoka Igurwa mpaka mtoni hakuna mwajiri anayepikia watu wake kama mimi, na anayebisha aje asubuhi, kabla ya umande kukauka. Nitamfunulia mwenyewe.